Mlango wa Chumba Changu Unajua Mvua Imekuja

Mlango wa chumba changu una tabia zake. Kuanzia Januari hadi Machi unafunga bila shida, unausukuma kwa kidole kimoja na unaingia. Mvua ndefu ikianza mwezi wa nne, unagoma. Inabidi uuvute kwa nguvu, uupige bega, na bado ubavu wake unakwaruza fremu mpaka nyumba nzima inajua umeingia kulala saa ngapi. Mvua ikiisha na jua likirudi, mlango unasamehe. Hakuna aliyeugusa.

Nilipokuwa mdogo nilidhani una laana. Kinachochekesha ni kwamba baba yangu ni fundi wa mbao, na mlango huo aliutengeneza kwa mikono yake. Siku moja nilimwambia autoe, aupitishie randa kidogo, tupumzike. Akakataa.

"Nikiuranda leo, mama, Januari utabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Wacha ujirudie wenyewe."

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. Na kweli, mlango ulijirudia.

Leo nataka tuongee kuhusu kazi moja inayofanywa na wanasayansi, mainjinia na wabunifu wakiwa meza moja: maada zenye programu. Yaani mbao, chuma, plastiki au kitambaa kilichopangwa ndani yake chenyewe kibadilike umbo hali fulani ikifika. Naanzia kwa mlango kwa sababu ndio uliokuwa wa kwanza kunionyesha. Lakini pia kuna deni. Nilimgharimu baba mashine yake kwa sababu ya mbao iliyopinda, na nilikuja kuelewa nilichofanya baada ya kusoma mambo haya. Kwa hivyo vumilia, hii sio stori ya teknolojia tu.

Programu bila kompyuta

Ukisikia neno programu unafikiria simu. Lakini programu ni maagizo tu: hili likitokea, fanya lile. Joto likifika hapa, kata umeme. Maji yakija, vimba. Swali ni wapi umeyaandika hayo maagizo.

Angalia birika la umeme. Maji yakichemka, swichi inajizima yenyewe, "tak!" Ndani kuna kipande kidogo cha metali mbili tofauti zilizobanwa pamoja. Zote mbili hutanuka zikipata joto, lakini hazitanuki sawa. Ile inayotanuka zaidi inakosa nafasi, kwa hivyo kipande kizima kinapinda. Mvuke ukikifikia, kinageuka ghafla na kusukuma swichi. Hakuna kompyuta hapo. Hakuna betri. Maagizo yako ndani ya chuma chenyewe. Pasi nyingi za umeme zinapima joto kwa ujanja uo huo.

Aliyevumbua kipande cha metali mbili ni Mwingereza anayeitwa John Harrison, katika karne ya 18. Alikuwa anatengeneza saa za kutumika melini, na shida yake ilikuwa kwamba joto na baridi vinaharibu mwendo wa saa. Badala ya kupigana na hiyo tabia ya metali, aliitumia kusahihisha saa yenyewe. Na unajua Harrison alianzia kazi gani? Useremala. Shikilia hilo, tutalirudia.

Jina lenyewe la maada yenye programu lilitumiwa mwaka 1991 na watafiti wawili, Tommaso Toffoli na Norman Margolus, ingawa wao walikuwa wakifikiria zaidi maada inayoweza kupiga hesabu. Miaka ikapita, watu wakalichukua na kulipeleka kwa vitu vya kushikika. Mwaka 2013, Skylar Tibbits wa chuo cha MIT kule Marekani alisimama jukwaani kuelezea kile alichokiita uchapishaji wa 4D. Unachapisha kitu kwa printa ya 3D, halafu muda unakuwa kipimo cha nne, kwa sababu kitu hicho kinaendelea kujibadilisha baada ya kutoka kwa printa. Mfano wake ulikuwa uzi mrefu wa plastiki. Ukiutumbukiza majini, unajikunja pole pole mpaka unaandika herufi M, I na T. Kwenye viungo vyake waliweka plastiki inayovimba ikipata maji, na kwingine plastiki ngumu isiyojali. Vipimo vya viungo ndivyo vilivyoamua kila kona ikunje kiasi gani.

Kuna pia nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titaniamu uliotoka kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani. Uupinde unavyotaka, ukiupasha joto unarudia umbo uliofundishwa. Kama umewahi kuvaa waya za kunyoosha meno, kuna uwezekano mkubwa umewahi kutembea na nitinoli mdomoni. Madaktari wa moyo na mishipa nao hutumia vijibomba vyake vya waya: vinaingizwa kwa mshipa vikiwa vimebanwa, vikifika mahali vinajifungua na kurudia umbo lao.

Sasa turudi Nairobi.

Milango kumi na nane

Karakana ya baba iko Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner, pale ambapo ukipita na matatu unaona vitanda na sofa zimepangwa kando ya barabara kama zinasubiri abiria. Ni mabati, nguzo, na vumbi la mbao ambalo halijawahi kuisha tangu nizaliwe.

Nilipomaliza Fomu Four nilijipa kazi ya kumtafutia wateja mtandaoni. Nilipiga picha, nikapanga bei, nikajibu jumbe za WhatsApp hata saa sita usiku. Na ilifanya kazi. Wateja walikuja. Mwezi wa kumi mwaka huo nikapata oda kubwa kuliko zote: milango kumi na nane ya kabati kwa nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba alitaka mbao halisi, sio plaiwudi, na alitaka ndani ya wiki tatu. Nikasema sawa. Nikapokea nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hata sijamwambia baba.

Baba alienda kutafuta saipresi. Kwa bei niliyokuwa nimekubali, iliyopatikana ilikuwa mbao iliyoshuka kwa lori juzi. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akainusa, akainyanyua upande mmoja kuhisi uzito.

"Hizi bado ziko na maji, mama. Hazijatulia. Zikae miezi miwili kivulini."

"Baba, tuna wiki tatu. Pesa nishachukua."

"Basi mrudishie."

Sikumrudishia. Nilimwambia watu wa siku hizi hawasubiri, na kwamba akiendelea hivyo atabaki hapo kando ya barabara akiangalia wenzake wakipita. Nilikuwa na miaka kumi na nane na nilikuwa na data. Alinitazama kwa muda, akachukua msumeno.

Milango ilitoka mizuri ajabu. Picha zake ndizo zilipata watu wengi kuliko zote nilizowahi kuweka. Tuliipeleka Novemba, wakati wa mvua fupi. Mwezi wa pili mwenye nyumba akanitumia video. Jua la Januari lilikuwa limefanya kazi yake. Milango kumi na mmoja ilikuwa imejipinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Mingine haikuweza hata kugusa fremu. Alitaka pesa zake zote, na kusema ukweli, alikuwa na haki.

Baba aliuza mashine yake ya kuranda, shilingi 70,000, akamlipa. Hakunigombeza. Jioni hiyo alirudi nyumbani, akala, akauliza kama nimekula. Hiyo ndiyo iliniuma. Tangu siku hiyo anaranda kwa mkono, na akiwa na kazi kubwa analipa kupeleka mbao kwa mashine ya jirani.

Mbao ilikuwa inafuata maagizo

Nilikaa muda mrefu nikidhani mbao ilituangusha. Siku hizi najua haikutuangusha. Ilifanya kile ilichopangiwa kufanya.

Fikiria mirija mingi ya kunywea soda imefungwa pamoja kwa raba. Hivyo ndivyo mbao ilivyo, ila mirija yake ni midogo sana na imelala kufuata urefu wa mti. Kuta za mirija hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, kisha huutoa na kusinyaa. Lakini hazisinyai sawa kila upande. Kwa urefu karibu hakuna kinachobadilika: kutoka mbichi hadi kukauka kabisa, mbao nyingi hupungua kati ya asilimia 0.1 na 0.3 tu. Kwa upana, ukifuata mzunguko wa ile miviringo ya umri wa mti, zinaweza kupungua asilimia 6 hadi 12. Ukitoka kiini kuelekea ganda, ni karibu nusu ya hiyo.

Kwa hivyo ubao mmoja una tabia tatu ndani yake. Ukikauka, miviringo inajaribu kunyooka na ubao unajikunja. Ukijua miviringo imekaaje, unajua ubao utaelekea wapi. Mlango wa chumba changu unavimba kwa upana mwezi wa nne, sio kwa urefu, ndio maana unakwaruza fremu pembeni lakini haujawahi kugusa sakafu. Nimeishi na huo mlango miaka yote na sikuwahi kujiuliza hilo.

Ukitaka kuona hii kwa macho yako bila kulipa chochote, okota koni ya mti wa paini. Koni kavu iko wazi. Itumbukize kwenye maji, urudi baada ya saa moja au mbili. Imejifunga. Iache juani, inafunguka tena. Koni hiyo imeanguka, imekufa, haina uhai wowote. Kila gamba lina tabaka mbili, moja linavimba zaidi ya lingine. Ni lile birika la umeme tena, ila hili linaendeshwa na mvua.

Mnara wa Urbach

Miaka miwili baada ya milango ile, nilikutana na video ya mnara fulani wa mbao ulioko Urbach, mji mdogo karibu na Stuttgart, Ujerumani. Ulijengwa mwaka 2019 kwa maonyesho ya bustani. Una urefu wa mita 14, umeundwa kwa vipande 12 vikubwa vilivyopinda, unene wa sentimita 9 tu, na ukiutazama unaonekana kama kitambaa kilichokunjwa na upepo halafu kikaganda.

Kilichonifanya nirudishe video nyuma ni jinsi vile vipande vilivyopindwa. Kwa kawaida, kupinda mbao nene kunahitaji mashine kubwa za kubana na kalupu nzito. Hawa hawakuzipinda kwa mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, katika taasisi inayoongozwa na msanifu majengo Achim Menges, pamoja na wenzao wa Uswisi, walibandika tabaka mbili za mbao zikiwa bapa. Tabaka moja lilikuwa nene, lenye unyevu, na nyuzi zake zimekaa kwa upana. Lingine lilikuwa jembamba, nyuzi zimekaa kwa urefu. Wakaziingiza kwenye tanuri la kukausha. Tabaka la kwanza likataka kusinyaa, la pili likakataa, na ubishi wao ukaisha kwa mbao kujipinda yenyewe, kwa kiasi walichokuwa wamekipigia hesabu kabla. Kisha vipande vilivyopinda vikagundishwa pamoja ili umbo lisibadilike tena.

Nilitazama ile video nikiwa nimekaa kitandani, na nikahisi vibaya tumboni. Kitu kile kile. Mbao mbichi, ikakauka, ikajipinda. Wao wakapata mnara. Sisi tukapoteza mashine.

Menges na timu yake walikuwa wameanza zamani. Mwaka 2012 walionyesha kazi inayoitwa HygroScope kwenye jumba la Centre Pompidou, Paris: magamba membamba ya mbao ndani ya sanduku la kioo, yanayofunguka na kujifunga kufuata unyevu wa hewa, bila mota hata moja. Tofauti ni muhimu hapa. HygroScope inaendelea kusogea kila hali inapobadilika. Mnara wa Urbach ulipinda mara moja, ukafungwa, basi.

Na wacha niwe mkweli, kwa sababu mtandaoni watu wanapenda kutia chumvi. Hakuna sofa itakayojijenga sebuleni kwako wiki ijayo. Maada hizi nyingi ni za polepole, mbao nene inachukua siku nyingi kukauka. Nyingine zinachoka zikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Na tanuri la kukausha linakula moto pia, kwa hivyo sio bure. Mtu akikuambia ni uchawi, anakuuzia kitu.

Swali la baba

Nilimwonyesha baba ile video kwenye karakana. Alifuta vumbi kwenye miwani, akatazama kimya hadi mwisho. Nilitegemea ashangae. Akacheka.

"Hao wameiacha mbao ifanye vile inataka."

Kisha akaniuliza, "Walijuaje itapinda kiasi gani?"

Tazama hilo swali. Mimi nilikuwa nimeshangazwa na umbo. Yeye aliruka umbo lote na kwenda moja kwa moja kwa hesabu. Akanionyesha meza aliyokuwa anagundisha: kila ubao ameugeuza, mmoja miviringo inaangalia juu, wa pili inaangalia chini, wa tatu juu. Mmoja ukivuta huku, jirani anavuta kule, na meza inabaki bapa. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na alifundishwa na fundi aliyemfunza kazi. Hiyo ni programu. Ameandika maagizo ndani ya mbao ili tabia zake zishindane zenyewe.

Basi ni kitu gani Stuttgart wanacho ambacho baba hana? Nilifikiria hili kwa wiki kadhaa. Sio akili, na sio kuijua mbao. Baba anajua mbao itaelekea wapi. Asichokuwa nacho ni namba ya itaelekea kiasi gani. Na bila namba, ujuzi wake unakaa kwenye vidole vyake. Hawezi kuutuma kwa mtu, hawezi kumwonyesha mteja, na hakuweza kumshawishi binti yake wa miaka kumi na nane. Alisema "hazijatulia". Nilisikia mzee mwoga. Kama angesema "zina maji mara mbili ya yanayotakiwa, zitapungua hivi kwa upana", labda ningerudisha zile pesa. Labda. Ujeuri wangu pia ulikuwa mkubwa.

Ndoo, rula na mzani wa duka

Tukaamua kujaribu. Tulipasua saipresi kavu vipande vyembamba vya sentimita 25: vingine nyuzi zimekaa kwa urefu, vingine kwa upana, ambavyo ukivishika vibaya vinavunjika kama biskuti. Mara ya kwanza niling'ang'ana tulowanishe tabaka moja kwanza, kama wale wa Ujerumani. Gundi yetu nyeupe ilikataa kushika mbao yenye maji, na asubuhi tulikuta vipande vimeachana. Baba akasema tugeuze: tugundishe vikiwa vikavu, halafu tuvilete unyevu baadaye.

Tukagundisha vitano. Vikakauka, vikiwa bapa kabisa. Tukavitundika ndani ya ndoo yenye maji kidogo chini, tukaifunika, tukaviacha siku mbili.

Tulipofunua, vyote vitano vilikuwa vimepinda kama upinde. Nikachukua rula, nikapima kila kimoja kimeinuka kiasi gani katikati: milimita 17, 19, 18, 22, 18. Nilifurahi, lakini ile 22 ikaniudhi. Nikasema hiyo ni kosa langu la kupima. Nikapima tena, 22.

Baba akakichukua, akageuza mwisho wake juani, akaangalia miviringo.

"Hii ilitoka mbali na kiini," akasema. "Angalia vile miviringo imelala. Hii lazima ivute zaidi."

Alikuwa sawa, na zile asilimia nilizokupa juu zinasema hivyo hivyo: ukifuata mzunguko wa miviringo, mbao inavimba karibu mara mbili kuliko ukitoka kiini kwenda ganda. Rula ilionyesha kuna tofauti. Jicho lake lilisema kwa nini. Mimi peke yangu ningefuta ile namba nikaiita makosa. Yeye peke yake hangejua ni milimita nne. Hapo ndipo nilielewa kwa nini kazi hii inahitaji mtu wa sayansi, injinia na mbunifu pamoja, na kwa nini naamini kuna kiti cha nne mezani, cha fundi.

Kwa hivyo nasema nini?

Mdogo wangu anajiandaa kuingia shule ya juu na anachagua njia: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Useremala umewekwa njia moja, sanaa ya kuchora njia nyingine. Anapenda zote mbili. Aliniuliza achague ipi, na mjomba wetu akadakia kwamba kuchora ni mchezo na useremala ni wa waliofeli. Nilimwonyesha mjomba ule mnara. Nikamwambia kwamba saa iliyowasaidia mabaharia kujua walipo ilitengenezwa na seremala. Hakusema kitu, lakini chai alimaliza.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana tunapenda teknolojia inayokuja kwa kioo. Tunafikiri akili iko kwenye simu na vitu vingine vyote vimekufa, ni vya kukatwa, kupigwa misumari na kupakwa rangi. Kumbe mbao, karatasi, udongo, kitambaa, kila kimoja kina tabia, na mwenye kuijua hiyo tabia yuko hapo kando ya barabara na amevaa kandambili. Nimemsikia mama anayesuka vikapu akisema ukambaa lazima uloweshwe kwanza. Fundi wa viatu anajua ngozi itanyooka upande gani. Hayo ni maagizo ya maada, ila hakuna aliyeyaandika.

Lakini pia sitaki tuwasifu tu mafundi halafu twende zetu. Kusema "babu zetu walijua" bila kupima hakumsaidii baba kulipa kodi ya karakana. Kazi yetu sisi tulioenda shule, wenye simu zenye kamera na muda wa kukaa mtandaoni, ni kushika rula. Pima, andika tarehe, piga picha, rudia. Mwulize fundi kwa nini, na ukipata namba isiyokaa sawa, usiifute kabla hajaiona.

Karakana yetu imebadilika kidogo. Mbao zikifika, tunakata kipande kimoja, tunakipima kwenye mzani tulioazima kwa mwenye duka jirani, tunaandika uzito kwa penseli juu yake. Baada ya siku tatu, tena. Uzito ukiendelea kushuka, bado kuna maji yanatoka. Ukisimama, mbao imetulia na hewa ya hapa. Hauhitaji kifaa cha bei. Sasa mteja akiharakisha, mimi ndiye ninayemwambia hapana. Namtumia picha ya kipande na namba zake. Mwezi uliopita mmoja alienda kwa mtu mwingine. Mmoja alisubiri wiki sita, na amerudi na oda ya pili.

Mashine ya kuranda bado hatujainunua. Nimefikisha shilingi 31,000, ziko mahali ambapo siwezi kuzitoa kwa urahisi. Baba hajui kiasi, au anajua na amenyamaza, kama kawaida yake.

Mvua imeanza juzi. Jana usiku nikiupiga mlango bega, nilimsikia baba akitoka chumbani kwake. Alikuja na penseli na rula ndogo ya chuma, akaniambia nimshikie tochi. Akapima mwanya kati ya mlango na fremu, juu, katikati na chini. Akaandika namba tatu kwenye mbao ya fremu, na tarehe kando yake.

"Tutapima tena Januari," akasema, akaenda kulala.